Mwongozo Usiosema Amri Itafanya Nini

Fungua mwongozo wa karibu programu yoyote ya seva, nenda kwenye ukurasa wa amri za usimamizi, na hutachelewa kukutana na mstari wa namna hii: "reload: hupakia upya seva." Umeusoma, na hujaongeza kitu. Jina la amri lilishakwambia yote hayo.

Nina muda sasa nikiandika nyaraka za programu za seva, nyingine za kazini, nyingine za programu huria ambazo hakuna anayenilipa kuziandikia, na ugomvi wangu mkubwa na kazi hii uko hapohapo. Tunataja jina la amri, tunapanga machaguo yake kwa alfabeti, tunatupia mfano mmoja, tunafunga ukurasa. Lakini msimamizi wa seva hakuja kuuliza jina. Anataka kujua: nikibonyeza Enter, watu waliounganishwa sasa hivi watakatika? Faili la usanidi likiwa na kosa, seva itakufa au itaendelea na usanidi wa zamani? Cheti kipya cha TLS (usimbaji wa mawasiliano) kitasomwa, au mpaka niizime kabisa? Nitajuaje kwamba amri imefanya kazi? Na isipofanya, narudi vipi nilikotoka?

Orodha ya machaguo haijibu hata swali moja kati ya hayo. Na mara nyingi anayeuliza ana haraka, mfumo umelala, simu inaita, na bosi wake yuko nyuma ya bega lake.

Nginx, programu ya seva ya wavuti, ni miongoni mwa chache zilizojibu vizuri. Ukurasa wake wa kudhibiti seva haukomei kusema kwamba ishara ya HUP (ujumbe mfupi unaotumwa kwa mchakato, ndio reload huutuma) hubadilisha usanidi. Unaeleza kinachotokea ndani: mchakato mkuu unakagua sintaksi ya faili, kisha unajaribu kuutumia usanidi mpya, yaani kufungua mafaili ya logi na soketi mpya za kusikilizia. Ukishindwa, unatengua ulichobadilisha na kuendelea na usanidi wa zamani. Ukifaulu, unaanzisha michakato mipya ya kuhudumia wateja na kuitaka ile ya zamani ifunge kazi kwa utaratibu: iache kupokea wateja wapya, imalizane na ilionao, ndipo itoke. Kisha ukurasa unakuonyesha matokeo ya ps, amri ya kuorodhesha michakato, wakati hayo yakiendelea, na ndani yake kuna mchakato ulioandikwa "worker process is shutting down".

Mstari huo mmoja wa ps naupenda kuliko aya tatu za maelezo. Aliyekwisha kuuona kwenye mwongozo hatashtuka akiukuta kwenye seva yake, wala hatakimbilia kill -9, amri ya kuua kwa nguvu, akidhani kuna mchakato uliokwama. Ameshaambiwa kwamba hali hiyo ni ya kawaida na kwamba itaisha yenyewe.

Hata hapo, kuna jambo ningeliongeza. Kama seva yako inahudumia WebSocket, yaani miunganisho inayobaki wazi, mteja anaweza kushikilia muunganisho mmoja kwa saa nyingi, na mchakato wa zamani utamsubiri. Ukirudia reload kila unapobadilisha kitu kidogo, michakato inayosubiri inarundikana, kila mmoja na kumbukumbu yake. Lipo agizo la kuweka kikomo, worker_shutdown_timeout, lakini limeelezwa kwenye ukurasa wa maagizo ya usanidi, mbali na pale mtu anaposoma kuhusu reload. Anayelihitaji hajui kwamba lipo, kwa hiyo hawezi kulitafuta. Ugonjwa huu ni wa nyaraka nyingi: jibu lipo, ila limekaa kwenye ukurasa ambao mwenye swali hana sababu ya kuufungua.

Jambo jingine: nginx -s reload ikirudi kimya bila kulalamika, imekwambia tu kwamba ishara imetumwa. Sintaksi ikiwa na kosa utaambiwa palepale kwenye terminali. Lakini mchakato mkuu ukishindwa kufungua poti mpya kwa sababu programu nyingine imeshaikalia, habari hiyo inaandikwa kwenye logi ya makosa, wewe kwenye terminali huoni chochote, na seva inaendelea na usanidi wa jana. Ukurasa wa reload usipokutuma kwenye logi haujamaliza kazi yake.

Sasa toka nginx uingie Apache, seva nyingine ya wavuti, ukiwa na mazoea yako yaleyale. Kwenye nginx, HUP ni ishara ya kistaarabu, hakuna anayekatwa. Kwenye Apache, HUP inaua papo hapo michakato yote inayohudumia wateja, maombi yaliyokuwa katikati yanakatika, kisha mchakato mkuu unasoma usanidi upya na kuanza na michakato mingine. Ustaarabu wa Apache uko kwenye USR1. Na USR1 hiyohiyo kwenye nginx haigusi usanidi hata kidogo. Kazi yake ni kufungua upya mafaili ya logi, ili ukishayahamisha yale ya zamani seva iache kuyaandikia. Ishara ni zilezile kwenye mfumo endeshi uleule, na kila programu imezipa maana yake.

Hakuna wa kulaumiwa. HUP ilibuniwa kuiarifu programu kwamba laini ya simu ya modemu imekatika. Programu ya seva inayokaa nyuma ya pazia haina terminali wala laini ya kukatika, kwa hiyo ishara ilikuwa haina kazi, na waandishi wa seva wakaichukua kila mmoja kwa matumizi yake. Ila mwandishi wa mwongozo lazima akumbuke kwamba msomaji wake anakuja na kumbukumbu ya programu nyingine mkononi. Sentensi kama "tofauti na nginx, hapa HUP hukata wateja" ina faida kubwa, ingawa najua wahariri wengi huifuta kwa kuogopa kutaja jina la mpinzani.

Apache wameweka tahadhari nyingine ambayo wengi huipita. Ukituma ishara ya kuanzisha upya moja kwa moja na usanidi una kosa, mchakato mkuu hauendelei na usanidi wa zamani kama nginx. Unatoka, na seva imezimika. Ndiyo maana kuna apachectl: ukitumia apachectl graceful, inakagua usanidi kwanza kabla ya kuigusa seva. Njia mbili zinafika mahali pamoja, moja ina kinga na nyingine haina, na orodha ya machaguo haitakuonyesha tofauti hiyo.

(Mfano mkali kuliko wote wa mazoea kumponza mtu ni killall. Kwenye Linux inaua michakato yenye jina ulilolitaja. Kwenye Solaris, mfumo endeshi mwingine wa jamii ya Unix, inaua michakato yote inayoendelea. Yote. Aliyezoea Linux akaiandika kwenye Solaris akiwa na mamlaka ya root (msimamizi mkuu) hahitaji kusimuliwa mara ya pili.)

Kuzima nako kuna mambo. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ina namna tatu za kuzimwa kwa pg_ctl stop. Ya smart inasubiri kila mteja aondoke kwa hiari yake, na kama kuna programu inayoshikilia muunganisho siku nzima, utasubiri siku nzima. Ya fast inakata wateja, inatengua miamala iliyokuwa haijakamilika, kisha inazima vizuri. Ya immediate inaangusha kila kitu bila kuaga, na seva itakapowashwa tena italazimika kujirejesha kwa kusoma logi ya miamala kabla ya kupokea mtu. Mpaka toleo la 9.4, usipotaja namna, ulipewa smart. Kuanzia 9.5, lililotoka Januari 2016, unapewa fast.

Pima uzito wa badiliko hilo. Skripti ileile isiyo na herufi iliyobadilika, jana ilikuwa ikisubiri wateja kwa upole, leo inawakata. Ukurasa unaosema "pg_ctl stop huzima hifadhidata" ni sahihi kwa matoleo yote na haufai kwa lolote. Chaguo-msingi ni sehemu ya amri sawa na jina lake, na lazima liandikwe pamoja na toleo lililolianzisha. Mimi hata kwenye mifano hutaja namna waziwazi, pg_ctl stop -m fast, ijapokuwa -m fast haihitajiki siku hizi, kwa sababu atakayenakili mfano wangu anaweza kuubandika kwenye mashine nisiyoijua umri.

BIND, seva ya DNS (mfumo wa majina ya mtandao), nayo nitaigusa kwa haraka. Kuna rndc reload na kuna rndc reconfig. Ya kwanza inasoma usanidi na zoni (makundi ya majina ya kikoa) zote upya. Ya pili inasoma usanidi na kupakia zoni mpya tu, zile zilizokuwepo haizigusi hata kama umebadilisha mafaili yake. Mwenye zoni maelfu anaitaka ya pili, kwa sababu ya kwanza itamchukua muda. Amri mbili zinazofanana hivyo ziandikwe ukurasa mmoja, zikitazamana.

Nije kwenye jambo linalonikera zaidi, ambalo ni kimya.

Tarehe 31 Januari 2017, GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa programu, walipoteza sehemu ya hifadhidata yao kuu, na baadaye wakachapisha taarifa ndefu ya wazi kuhusu kilichotokea. Wengi wanaikumbuka kama habari ya mhandisi aliyefuta saraka kwenye seva isiyo yenyewe. Ni kweli, amri ya kufuta ilitekelezwa kwenye seva kuu badala ya ile ya pili inayobeba nakala yake, na ilipokatishwa baada ya sekunde chache, kati ya takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki kama 4.5. Lakini ukiisoma taarifa kuanzia nyuma kidogo ya hapo, utamkuta mtu anayehangaika na amri isiyosema kitu.

Seva ya pili ilikuwa imeachwa nyuma na seva kuu kiasi cha kutoweza kuifuata tena, kwa hiyo ilibidi nakala ichukuliwe upya kuanzia mwanzo kwa pg_basebackup. Amri hiyo inadai saraka ya data iwe tupu. Saraka ikasafishwa. Amri ikakataa, ikilalamikia idadi ya michakato ya kutuma data kwenye seva kuu. Ikaongezwa. PostgreSQL nayo ikakataa kuwaka kwa sababu ya kikomo cha miunganisho, kikapunguzwa kutoka 8,000 hadi 2,000. Mwishowe pg_basebackup ikaanza, na ikakaa. Hakuna kosa, hakuna asilimia, hakuna hata nukta inayotembea. Ikajaribiwa tena, kimya kilekile. Mhandisi akafikiri labda majaribio ya awali yameacha mafaili kwenye saraka na ndiyo yanayoizuia. Akaamua kuifuta saraka. Ndipo mkono ukaenda kwenye seva kuu.

Na ile amri haikuwa imekwama. Ilikuwa ikisubiri seva kuu ianze kutuma data, na inaposubiri haisemi. Taarifa yenyewe inasema tabia hiyo haikuelezwa vizuri kwenye miongozo yao ya ndani wala kwenye waraka rasmi wa pg_basebackup. Leo waraka wa PostgreSQL unaeleza kwamba mwanzoni mwa kazi seva inayonakiliwa inahitaji kwanza kukamilisha checkpoint (kuandika kwenye diski data iliyo kwenye kumbukumbu), kwamba hilo linaweza kuchukua muda hasa kama hukuchagua --checkpoint=fast, na kwamba muda huo wote pg_basebackup itaonekana kama haifanyi kitu.

Ni sentensi moja tu. Nakala rudufu za GitLab nazo zilikuwa na shida zake, pg_dump, amri ya kutoa nakala ya hifadhidata, ilikuwa ikishindwa kwa sababu ya kutolingana kwa matoleo na barua pepe za kuonya hazikuwa zikifika, kwa hiyo siwezi kudai sentensi hiyo ingeokoa kila kitu. Nakala iliyowaokoa ilikuwa imechukuliwa kwa bahati saa sita hivi kabla ya tukio. Ila mtu aliyeambiwa mapema kwamba amri itakaa kimya kwa dakika kadhaa ana sababu ya kutulia na kusubiri. Asiyeambiwa atatafuta cha kurekebisha, na akitafuta atakipata.

Tangu niisome taarifa ile, kila amri ninayoiandikia ina maneno kuhusu muda na sauti yake. Inachukua muda gani kwenye hifadhidata ndogo, inachukua muda gani kwenye kubwa, inaonyesha nini inapofanya kazi, na kama haionyeshi kitu nasema hivyo waziwazi na kutaja mahali pa kuchungulia, iwe ni logi, iwe ni ukubwa wa saraka unaoongezeka, iwe ni amri nyingine ya kuuliza hali. Wahandisi wakiona rasimu huniambia muda unategemea mashine. Ndiyo, unategemea. Andika "dakika, si sekunde" na msomaji ataelewa.

Kabla mwezi haujaisha tangu tukio lile, tarehe 28 Februari 2017, ikaja zamu ya Amazon S3, huduma ya kuhifadhi data, kwenye kanda ya kaskazini mwa Virginia. Hapa nyaraka zilikuwepo. Kwa maelezo ya Amazon wenyewe, mfanyakazi mwenye idhini alikuwa akifuata mwongozo wa hatua uliokwisha kuzoeleka, akatekeleza amri ya kuondoa seva chache kwenye mfumo mdogo unaohusika na malipo, na thamani mojawapo aliyoiingiza ikawa na kosa. Zikaondoka seva nyingi kuliko zilizokusudiwa, na mifumo miwili muhimu ikalazimika kuwashwa upya yote. Sehemu inayonivutia ni ndogo: walikiri kwamba kwenye kanda zao kubwa mifumo hiyo haikuwa imewashwa upya kikamilifu kwa miaka mingi, na kuwashwa kulichukua muda mrefu kuliko walivyotarajia. Amri ya kuwasha walikuwa nayo. Muda wake hakuna aliyekuwa nao.

Tiba yao haikuwa kuandika onyo jekundu zaidi kwenye mwongozo. Walibadilisha chombo chenyewe: kikawa kinaondoa seva polepole, na kinakataa kushusha mfumo chini ya kiwango cha chini kinachohitajika. Nakubaliana nao kabisa. Kuna wakati mwandishi wa nyaraka anajikuta anaandika "TAHADHARI" kwa mara ya tatu kwenye ukurasa mmoja, na hapo aache kuandika aende akazungumze na watengenezaji. Postfix, programu ya seva ya barua pepe, walilielewa hili siku nyingi. Amri ya kufuta barua zote kwenye foleni ni postsuper -d ALL, na waraka unakwambia kwamba kwa usalama neno ALL lazima liwe kwa herufi kubwa. Kidole kilichoteleza hakiandiki herufi kubwa tatu mfululizo.

Mwandishi anapaswa pia kujua kwamba mfano wake hausomwi, unanakiliwa. Hapo kuna mitego midogo ambayo haionekani mpaka ikunase.

Chukua alama ya terminali. Kwa desturi tunaandika $ mbele ya amri ya mtumiaji wa kawaida na # mbele ya amri ya root. Msomaji akinakili mstari pamoja na $, shell (programu inayopokea amri) inamjibu kwamba hakuna amri kama hiyo, anacheka, anafuta, anaendelea. Akinakili pamoja na #, shell inauona mstari mzima kuwa ni maelezo tu, haifanyi lolote na hailalamiki. Anaamini amewasha kitu ambacho hakijawashwa. Siku hizi naacha alama hizo nje ya mfano, na juu yake naandika kwamba amri hii inahitaji mamlaka ya root.

Chukua mabano ya pembe. Mwongozo unasema rndc reload <zoni>, ukimaanisha uweke jina la zoni yako. Msomaji mwenye haraka anaubandika mstari ulivyo. Kwa shell, < ni kusoma kutoka kwenye faili na > ni kuandika kwenye faili, na ukiandika > ukafuatia jina la faili lililopo, faili hilo linasafishwa kabla ya amri yenyewe kuanza. Mara nyingi utaokolewa na kosa la kwanza, la sintaksi au la kwamba hakuna faili linaloitwa "zoni". Mara nyingi si kila mara. Mimi hutumia jina kamili la mfano, rndc reload example.com, kisha chini nasema badilisha example.com kwa jina la zoni yako.

Na jina hilo sikulichagua kwa kukosa ubunifu. RFC 2606 (RFC ni nyaraka za viwango vya intaneti) ya mwaka 1999 ilitenga example.com na wenzake kwa ajili ya nyaraka, na RFC 5737 ya mwaka 2010 ikatambua anwani za 192.0.2.0/24, 198.51.100.0/24 na 203.0.113.0/24 kwa kazi hiyohiyo. Kwa IPv6 kuna 2001:db8::/32. Mwandishi anayebuni anwani kichwani anaweza kuandika anwani ya mtu, na wasomaji wake watakaobandika bila kubadilisha wataigonga seva ya huyo mtu asiyehusika.

Mtego wa mwisho wa aina hii unatoka kwenye vihariri vya maandishi. Unaandika --force, kihariri kinajifanya mjuzi, kinageuza vistari viwili kuwa kimoja kirefu, na alama za kunukuu kinazipinda. Kwa macho hakuna tofauti. Kwa shell, hilo si chaguo tena, ni neno la kawaida, na amri itajaribu kulitafsiri inavyojua. Kabla sijachapisha ukurasa, nanakili kila mfano kutoka kwenye ukurasa wenyewe, si kutoka kwenye rasimu yangu, na kuubandika kwenye mashine ya majaribio.

Mashine hiyo ya majaribio ndiyo kalamu yangu ya kwanza. Nikipewa amri mpya, siombi maelezo kwa mtengenezaji kabla sijaisumbua mwenyewe. Naitekeleza seva ikiwa imezimwa. Naitekeleza bila mamlaka ya root. Naitekeleza mara mbili kwa kufuatana, nione kama mara ya pili ni kosa au ni salama. Naweka kosa la makusudi kwenye usanidi. Najaza diski. Na kila mara nauliza echo $? kujua amri imetoka na namba gani, kwa sababu msomaji mwingine wa ukurasa ule ni skripti, na skripti haisomi sentensi, inasoma namba.

Ukifanya hivyo unakutana na mambo ambayo mtengenezaji hakumbuki kuyataja. Systemctl status, amri ya Linux ya kuuliza hali ya huduma, ikiulizwa kuhusu huduma iliyosimama inatoka na 3, si 0 wala 1, na skripti yenye set -e (simama kosa likitokea) itafia hapo ingawa hakuna kilichoharibika. Nginx -t inaandika matokeo yake, hata ya mafanikio, kwenye mkondo wa makosa, kwa hiyo anayeyapitisha kwenye grep (amri ya kutafuta maneno) kwa bomba la kawaida anaona maneno yanapita kwenye skrini na grep haijakamata kitu. Tena nginx -t ikiendeshwa na mtumiaji asiye root inaweza kushindwa kwa sababu haikuruhusiwa kufungua faili la logi au ufunguo wa cheti, huku usanidi wenyewe ukiwa hauna kasoro. Mtu anatumia saa nzima kutafuta kosa kwenye faili lisilo na kosa.

Mwongozo wa kwanza wa Unix, wa Novemba 1971, ulikuwa tayari na sehemu ya BUGS chini ya maelezo ya amri, mahali pa kukiri kasoro zinazojulikana. Ken Thompson na Dennis Ritchie hawakuona aibu kuandika kwamba kitu walichokitengeneza wenyewe kina tatizo hapa na pale. Kurasa nyingi za leo hazina sehemu hiyo, au zinayo na ndani yake kuna anwani ya kutuma malalamiko tu. Idara ya masoko haipendi neno hilo, nadhani. Mimi nikiruhusiwa naliweka, nisiporuhusiwa nayaandika yaleyale chini ya kichwa cha "Mambo ya kujua", na hakuna aliyewahi kunipinga.

Limebaki suala la kudumu. Je, badiliko ulilolifanya kwa amri litakuwepo seva ikiwashwa upya? Redis, hifadhidata inayokaa kwenye kumbukumbu, inakuruhusu kubadilisha mipangilio ikiwa inafanya kazi, kwa CONFIG SET, na badiliko linaanza palepale. Lakini linakaa kwenye kumbukumbu ya muda. Bila CONFIG REWRITE, iliyoanza toleo la 2.8, faili la usanidi halijui lolote, na siku seva itakapoanguka itaamka na mipangilio ya zamani. Kwenye firewalld, programu ya ukuta wa moto ya Linux, mambo yamegeuzwa: ukiongeza kanuni kwa --permanent inaandikwa kwenye diski ila haianzi kazi mpaka ufanye reload, ukiiongeza bila --permanent inaanza kazi mara moja ila reload inaifuta. Wote wawili wana mantiki yao. Ukurasa wa kila amri useme, kwenye mistari yake ya mwanzo kabisa, badiliko linakaa wapi.

Na kwa vifaa vinavyoweza kukufungia nje, ukurasa uanze na njia ya kurudi. Ruta za Juniper zina commit confirmed: usanidi mpya unaanza kazi, na usipouthibitisha ndani ya dakika 10, ambacho ndicho kipindi cha kawaida usipotaja kingine, kifaa kinarudi chenyewe kwenye usanidi uliotangulia. Ukijikata mwenyewe na mtandao, unangoja, unaingia tena. Ila kuthibitisha ni kutoa commit nyingine, na hapo ndipo watu husahau: wanaona kila kitu kinakwenda sawa, wanafunga terminali, na muda ukiisha kazi yao yote inafutika, wanaanza kuisaka hitilafu ambayo haipo. Nikiandika ukurasa wa amri kama hiyo, habari ya commit ya pili naiweka juu ya mfano. Chini ya mfano hakuna anayefika.